Sheha kaniita kwenye kamati ya njia za miguu na baskeli. Niingie?

#1 Mwana wa Fuoni
Assalam alaykum wanajukwaa.

Sheha wetu, kiongozi wa shehia, kaniita nijiunge na kamati ndogo ya njia. Ni watu wa kujitolea, posho hakuna. Kazi yake ni kupita mitaani, kuandika wapi pabaya kwa waenda kwa miguu na wapanda baskeli, kisha kupeleka maombi manispaa na wilayani. Upande wetu huu wa Fuoni, Unguja, nyumba zimejaa, skuli zimejaa, lami ipo. Lakini ukishuka kwenye daladala unashukia mtaroni, au mbele ya bodaboda inayokuja kasi. Asubuhi watoto wanatembea ukingoni mwa lami mmoja nyuma ya mwenzake, mikoba mgongoni, gari zinawapita karibu na kiwiko.

Kamati kama hii ilikuwepo zamani, ikafa. Watu wanasema wanakamati walichoka. Mie nasema ilikufa kwa sababu hakuna aliejua barabara ile ni ya nani. Barua ilikwenda ofisi moja, ikatumwa ya pili, ya pili ikairudisha kule kule. Mliopita kwenye kamati za shehia, ziwe za maji, za skuli au za usafi, mlipenya vipi? Niingie au niwaachie wengine?

#2 Fundi Spoku
Ingia, kaka. Mie nafunga baskeli Kwerekwe. Rimu zilizopinda naletewa kila wiki, na ukimuuliza mtu ameangukia wapi, wengi wanataja kitu kimoja: mfuniko wa chuma wa mtaro ambao nondo zake zimelala kufuata njia. Tairi jembamba linazama baina ya nondo mbili, mtu anaruka juu ya usukani. Mfuniko huo ukigeuzwa nondo zikakata njia, tairi linapita juu. Hakuna mradi hapo wala mfadhili. Ni fundi wa kuchomelea na nusu siku. Kamati ikiandika hilo tu, mitaa mitatu, mkono wa mtu umeokoka.

#3 Mzee wa Baraza
Vijana, mji huu haukukosa ramani. Mpanga miji Mwingereza Lanchester alichora 1923. Kendall akachora 1958. Baada ya Mapinduzi akaja Mjerumani Scholz 1968, Wachina wakafuata 1982. Mji Mkongwe ukapata mpango wake wa uhifadhi 1994, mwaka ule ule ukaingizwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ramani zote hizo zina barabara. Kinachokosekana ni mtu wa mtaani anaesimama kila mwaka kuuliza imefika wapi. Kwa hiyo na mie nasema ingia, lakini usiingie peke yako. Ingia na mwanamke, ingia na mtu asieona au anaetembelea kiti cha magurudumu, na kijana anaejua kuandika.

#4 Mchanga wa Mizingani
Mzee wangu, shikamoo. Mji Mkongwe uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000. 1994 ni ule mpango tu.

#5 Mzee wa Baraza
Marahaba mwanangu, 2000 ndio.

#6 Dar2Unguja
Mie ni wa huko lakini nafanya kazi bara. Msije mkafikiri njia ikijengwa ndio kazi imekwisha. Barabara ya Morogoro ilipowekewa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, pembeni zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baskeli, pana na nzuri. Dar ikapewa hata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Lakini pita jioni ya foleni uone bodaboda wanavyozitumia njia zile, na honi juu, wakimtaka mtembea kwa miguu awapishe. Wapanda baskeli wa kule wana umoja wao, UWABA, wamepigia kelele mambo haya miaka mingi. Hata penye umoja na penye njia, bado kazi ipo.

Kwa hiyo simkubalii #1 moja kwa moja. Dar kila mtu anajua barabara ile ni ya nani, na tatizo liko pale pale. Kwangu mimi tatizo ni usimamizi.

#7 Ukhti wa Skuli
Nasomesha skuli ya msingi Magharibi. Geti letu linafungukia barabarani moja kwa moja. Kengele ya mchana ikilia, watoto mamia wanamwagika kwenye lami kwa wakati mmoja, na daladala nazo zinasimama hapo hapo kwa sababu ndipo penye abiria. Kamati ya skuli tuliomba tuta. Tukaambiwa barabara kubwa haiwekwi tuta ovyo, kuna taratibu. Sawa, taratibu zipo. Lakini tulipouliza taratibu zenyewe zinaanzia wapi hatukupata jibu, na mwalimu mkuu aliekuwa akifuatilia akahamishwa. Faili likabaki kabatini.

Kwa hiyo mie naongeza sababu ya tatu: anaefuatilia anakuwa mtu mmoja, akiondoka jambo linaondoka nae.

#8 Kijana wa Pete
Ukhti, umesema tuta barabara kubwa haliwekwi? Njoo kwetu. Barabara ya kwenda Paje na Makunduchi inapita ndani ya msitu wa Jozani, na matuta yapo. Yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, baada ya lami kutiwa na gari kuanza kuwagonga. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilipotangazwa 2004 ndipo yakawekwa, na vifo vya kima vikapungua. Simuonei kima wivu, ni mali yetu, nje ya Zanzibar hayuko porini popote duniani. Lakini ikiwezekana kwa kima, mtoto wa skuli anakosa nini?

#9 Mguu wa Msitu
Nimefanya kazi msituni huko. Matuta yalitangulia hifadhi ya taifa, ni ya miaka ya tisini. Na jambo kubwa umeliruka: yalipatikana kwa sababu watu walikuwa wanaandika. Kila kima aliegongwa aliandikwa wapi na lini. Mtu akija na daftari lenye mahali na tarehe, ofisi haiwezi kumwambia "tutaangalia" kwa wepesi. Kwa watoto wetu nani anaandika? Mtoto akigongwa tunakimbia hospitali, tunasoma dua, tunasema imeandikwa, basi. Imeandikwa kweli, na Mungu ndie mwenye kuandika, lakini daftari la shehia nalo liandike.

#10 Mwana wa Fuoni
@Mguu wa Msitu ahsante, hili nalichukua. Daftari.

#11 Mhandisi Mstaafu
Nimekaa kwenye ujenzi wa barabara maisha yangu ya kazi. Niseme machache ya kitaalamu, mnisamehe urefu.

Kwanza mwendo. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Ikienda 30 inakula mita 8 na kidogo. Dereva akimuona mtoto, sekunde nzima inapotea kabla mguu haujakandamiza breki. Kwenye lami kavu, gari ya 30 inasimama kabisa ndani ya mita 13 au 14. Gari ya 50, kwenye masafa hayo hayo, ndio kwanza breki inaanza kushika. Maana yake mtoto aliesimama mita 15 mbele ya gari ya 30 kaokoka bila kuguswa, wa mbele ya gari ya 50 kagongwa na gari iliyo karibu na mwendo wake wote. Ndio maana mawaziri waliokutana Stockholm, Februari 2020, walikubaliana kilomita 30 kwa saa penye mchanganyiko wa gari na watu, isipokuwa pale penye ushahidi kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama.

Pili tuta. Wananchi wakichoka wanajenga wenyewe usiku, zege lenye ncha kama ukingo wa sahani. Hilo si tuta, linavunja gari la wagonjwa na linamuangusha mpanda baskeli gizani. Tuta la kawaida la kitaalamu lina mgongo wa duara, upana wake kufuata njia ni karibu mita 3.7, urefu wake kwenda juu sentimita 7 na nusu hadi 10, na linapakwa rangi na kuwekewa kibao kabla hujalifikia.

Tatu, na hapa namuunga mkono #1: tatizo ni mwenyewe barabara. Barabara kuu zina Wakala wa Barabara. Za ndani unauliza baraza la manispaa au halmashauri. Mtaro ulio pembeni unaweza kuwa wa mradi mwengine kabisa. Nguzo ya umeme iliyosimama katikati ya njia ya miguu ina mwenyewe, na bomba la maji chini yake lina mwenyewe. Kila mmoja anajenga chake vizuri, na mtembea kwa miguu anabaki na kilichobaki.

#12 Muuza Boflo
Mhandisi nimekusoma mpaka mwisho. Mie natoka na baskeli kabla ya alfajiri, boflo kapu zima nyuma. Saa hiyo taa hakuna. Tuta lisilopakwa rangi silioni, nalijua kwa kumbukumbu tu, na likijengwa jipya nalijua kwa mgongo na kwa mikate iliyomwagika. Kwa hiyo mie nataka matuta yaachiwe upenyo pembeni, wa upana wa baskeli, nipite bila kuruka.

#13 Fundi Spoku
Huo upenyo ndio bodaboda wanapopita bila kupunguza mwendo! Ukiacha nafasi ya baskeli umeacha na ya pikipiki, na pikipiki ikipita pembeni inamkuta mtoto aliesimama kusubiri kuvuka. Tuta liwe ukingo kwa ukingo.

#14 Muuza Boflo
Basi fundi utanilipia boflo.

#15 Fundi Spoku
Ntakuwekea keria yenye springi, bure. Wallahi njoo.

#16 Mwenye Kibanda
Naona mnazunguka mkija kwetu wafanyabiashara. Nisemee mapema. Mie nina genge pembeni ya njia, ndizi, nyanya, nazi. Najua napunguza njia. Lakini wateja wangu ni hao hao waenda kwa miguu, gari haisimami kununua nyanya fungu moja. Mnapotaka njia iwe wazi tupeni sehemu nyuma ya njia, hata mita mbili, tupange mezani. Kila ikija operesheni tunaondolewa, na siku ya pili palepale panaegeshwa gari mchana kutwa. Gari hilo haliambiwi kitu. Njia iliyoondolewa genge ikawekwa Noah imemfaidia nini huyo mtembea kwa miguu?

#17 Bint Kikwajuni
@Mwenye Kibanda umesema kweli tupu. Kwa mie sababu ya yote ni heshima. Mtu akiwa na gari anaonekana amefika, akiwa na vespa yuko njiani, akiwa na baskeli anaulizwa "vipi, mambo magumu?" Mwenye kupanga bajeti nae anakuja kazini kwa gari. Mama yangu anatembelea kiti cha magurudumu. Kutoka nyumba za Michenzani mpaka sokoni si mbali hata kidogo, lakini kila makutano ya njia pana kidaraja kilichokatika, ukingo mrefu usio na mteremko, au gari lililopanda juu ya njia ya miguu. Inabidi tumsukume barabarani pamoja na daladala. Majengo yale ya Wachina yamepangwa na nafasi kubwa katikati, njia zipo, tumezijaza wenyewe.

Jengine: wasichana. Shamba wasichana wanapanda baskeli kwenda skuli, hakuna anaeshangaa. Mjini ukipanda na buibui lako midomo haiishi. Siku hizi wanawake wengi tunaendesha vespa na watu wamezoea, kwa hiyo na baskeli watazoea. Ila ipatikane njia ambayo buibui halikamatwi na kioo cha gari.

#18 Mzee wa Baraza
Mwanangu Bint Kikwajuni, nyumba za Michenzani wametusaidia Wajerumani Mashariki, si Wachina. Nafasi zile za katikati ni sehemu ya mpango wao. Hilo la mama yako nimeliona mara nyingi kwa wenzangu. Mungu ampe nguvu.

#19 Bint Kikwajuni
Amin mzee. Ahsante.

#20 Mpemba wa Wete
Naona mnazungumza mji tu. Pemba je? Kwetu vilima, kona, barabara nyembamba ndani ya mikarafuu. Mtu anatembea pembeni, gari linatoka konani, anaruka kwenye majani. Mabega ya barabara yakipanuliwa, ukifika msimu yanajaa majamvi ya karafuu zinazoanikwa. Nani atamwambia mwenye karafuu aondoe jamvi lake? Hiyo ndio ada ya skuli, ndio bati la nyumba. Waenda kwa miguu wanarudi katikati ya lami miezi hiyo.

Sisemi ubaya wake. Nasema kamati ya Pemba haiwezi kunakili ya Unguja. Inabidi kwanza itafute sehemu za kuanikia, vijiji vikubaliane, ndio izungumze njia.

#21 Mtoto wa Jambiani
Na kwetu pwani barabara ya wapanda baskeli anaitengeneza Mungu kila siku maji yakitoka. Mchanga mgumu, unakwenda Paje bila kugusa lami. Wanawake wa mwani wanapita hapo, watoto wanapita hapo, wageni nao wanakodi baskeli wanapita hapo. Tatizo maji yakijaa na usiku. Na siku hizi kuta za hoteli zinasogea, vichochoro vya kutoka kijijini kwenda pwani vinapungua. Kamati yetu kazi yake ya kwanza iwe kuviandika vichochoro vile kabla havijafungwa.

#22 Mchanga wa Mizingani
Nimecheka na kusikitika kwa pamoja @Mtoto wa Jambiani. Hapa mjini tulinyimwa pwani kama hiyo tukapewa reli. Ile reli ya Sultan ya Bububu ingebaki, njia yake ingefaa sana kwa baskeli, tambarare mpaka Bububu.

#23 Mzee wa Baraza
Ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, 1905. Sultan Barghash alikuwa na kireli chake mwenyewe kabla ya hapo, cha kwenda Chukwani. Watu wanazichanganya. Njia ya reli ya Bububu sehemu nyingi imekwishafunikwa na nyumba na lami, usiitegemee.

#24 Dar2Unguja
Turudi kwenye mada kabla haijapanda treni 😀. @Ukhti wa Skuli, Dar kulikuwa na mpango wa shirika la Amend uitwao SARSAI, wa usalama wa watoto barabarani karibu na skuli, umefanywa kwenye skuli nyingi za Afrika, ukapata Tuzo ya Ross ya miji 2019. Kwanza wanauliza watoto wanagongwa wapi, kisha wanarekebisha vitu vidogo: njia ya miguu mita kadhaa, tuta, kivuko, vizuizi vya kutenganisha gari na watoto. Skuli nyengine walihamisha geti tu, likafungukia njia ya ndani. Kuhamisha geti hakuhitaji Wakala wa Barabara. Ukuta ni wa skuli.

#25 Ukhti wa Skuli
Subhanallah, hili sikuwahi kulifikiria. Nyuma yetu pana kichochoro kweli. Lakini kina jaa la taka, na mvua ikinyesha kinajaa maji, masika hakipitiki. Na jirani mmoja anadai sehemu ni kiwanja chake.

#26 Mguu wa Msitu
Hapo ndipo panapotaka kamati ya shehia. Mpaka wa kiwanja sheha na wazee wa mtaa wanaujua kuliko ofisi yoyote.

#27 Mhandisi Mstaafu
Naongeza: usijaze kifusi kichochoroni bila kufikiria maji yanakwenda wapi. Ukinyanyua njia, maji yanaingia nyumba ya jirani, na jirani huyo ndie atakaekushitaki kwa sheha. Watu wa Sebleni, mtaa uliowahi kufurika, wanalijua hili vizuri. Njia ya miguu na mtaro vichorwe pamoja. Mtaro uliofunikwa kwa slabu nzuri ndio njia ya miguu ya bei nafuu kuliko zote, madhali slabu zinanyanyuka ili mtaro usafishwe.

#28 Mwenye Kibanda
Na zisiibiwe nondo.

#29 Mwana wa Fuoni
Nimesoma wote, Mungu awalipe. Nimeshamwambia sheha nimekubali, kwa sharti kwamba tuwe na wanawake na vijana na wasiwe wa kupiga picha tu. Naanza na daftari: mahali, tarehe, saa, aliegongwa alikuwa kwa miguu au baskeli, mwanga ulikuwepo au la. Na orodha ya mifuniko ya mitaro, @Fundi Spoku ntakuomba tuzunguke pamoja.

Lakini bado nasimama kwenye neno langu. @Dar2Unguja kasema usimamizi, Ukhti kasema mtu mmoja, Bint Kikwajuni kasema heshima. Mie naona yote yanaanzia kwenye kutojua mwenyewe barabara. Ukimjua unamsimamia, unamrudia, na akikudharau unajua wa kumshitakia.

#30 Bint Kikwajuni
Hapana kaka. Mwenyewe wa njia ya miguu ya Michenzani anajulikana na kila mtu. Gari bado zimepanda juu yake hivi ninavyoandika.

#31 Dar2Unguja
Na kuna la jua, hamjalitaja. Watu hawatembei kwa sababu miti imekatwa. Miembe na mikungu iliyokuwa pembeni ya barabara iliondoka na upanuzi. Saa saba mchana njia ya zege isiyo na kivuli ni adhabu, hata iwe pana vipi. Daftari lako liweke na safu ya miti.

#32 Mpemba wa Wete
Miti tunayo sisi, na bado tunaruka konani. Kila mtu na dawa yake.

#33 Ukhti wa Skuli
@Mwana wa Fuoni ukipata karatasi ya daftari ilivyopangwa iweke hapa tuinakili. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuhesabu gari na watu getini, wiki moja asubuhi na wiki moja mchana, ni somo la hesabu pia. Ila nataka kujua kwanza: idadi hiyo tukiipata inapelekwa wapi, manispaa au kwa sheha?

#34 Mhandisi Mstaafu
Nakala kwa wote wawili, na ya tatu kwa Wakala wa Barabara, siku moja, barua moja, kila nakala ionyeshe nani mwengine kapelekewa. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye yako. Bila muhuri hujapeleka kitu.

#35 Muuza Boflo
Na upenyo wa baskeli kwenye tuta uandikwe kwenye barua hiyo hiyo. Fundi aseme anavyosema.